Mgongo wa Jumwa na Picha Isiyopigwa

Goti langu la kushoto lilianza kuniuma baada ya kustaafu. Mimi niliyelaza watu chini ya mashine ya eksirei miaka na miaka, hata kitanda cha gesti hakinifikii, ikabidi nami nikalazwe. Nikaenda pale pale nilipofanyia kazi, hapa Malindi, nikichechemea kidogo tu, kuchechemea kwa heshima. Binti aliyeshika nafasi yangu akanipiga picha, akatazama kioo cha kompyuta, akaniambia bila hata kugeuza shingo:

"Bi Rehema, goti hili limekwisha."

Limekwisha! Niliingia na goti linaloniuma, nikatoka na goti marehemu. Kutoka mlangoni hadi kwenye tuktuk nilishikiliwa mkono. Nyumbani nikaitoa fimbo ya marehemu mume wangu mvunguni, nikaipangusa vumbi, nikaanza kufikiri ni mjukuu gani atanisaidia kwenda msalani. Kesho yake nikampelekea daktari picha ile. Akaitazama, akacheka. "Hili ni goti la mwanamke wa umri wako. Halina ubaya. Tembea."

Nikatembea. Nilitoka kwake kwa miguu yangu hadi sokoni, nikanunua nazi na mchicha, nikasimama kumsengenya mtu na shoga yangu mmoja, nikafika nyumbani, ndipo nikakumbuka kuwa fimbo nimeisahau kwa daktari. Goti lile lile, picha ile ile. Kilichobadilika ni neno tu.

Basi nyinyi mnaoingia kazini sasa na makoti yenu meupe yaliyopigwa pasi, nisikilizeni kidogo. Nyinyi mna mashine ambayo picha yake inaruka hewani hadi kwenye simu ya daktari kabla mgonjwa hajavaa viatu. Sisi tuliosha filamu gizani, tukanuka dawa hadi waume zetu wakalalamika. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na joto na kulikuwa na harufu. Nasema tu kwamba mtu anayelala juu ya meza yenu hajabadilika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Karisa, Mgiriama mfupi mwenye tumbo la kujisifu. Shuleni nilikwisha kufundishwa kila kitu kuhusu miale na mifupa, ila hakuna aliyenifundisha kwamba kisahani cha filamu ni baridi kama samaki wa barafuni. Karisa alikipasha kwa viganja vyake kabla ya kukiweka nyuma ya mgongo wa mtu. "Ukimshtua, atakaza misuli," akasema, "na akikaza misuli kila kitu kinamuuma." Sheria yake nyingine ilihusu pumzi. Ukimwambia mtu "usipumue", usiende kunywa chai. Aliisema hivyo kwa sababu kuna mwenzetu aliwahi kumwambia babu mmoja asipumue, akapiga picha, akaingia chumba cha giza na filamu yake, akasahau kumwambia apumue. Babu alikuwa mtiifu. Walimkuta amevimba mashavu, macho yamemtoka, rangi ya biringani. Alipopumua, nusu ya foleni iliitikia.

Na hirizi. Sheria ni kwamba vyuma vyote vivuliwe. Siku moja bwana mmoja alikataa katakata kuivua hirizi yake ya kifuani, aliyofungiwa na mganga wa huko bara. Karisa akampiga picha nayo. Filamu ilipotoka, tukaona mbavu, tukaona moyo, na katikati tukaona kizibo cha soda, meno yake yote yanaonekana vizuri. Yule bwana akauliza kwa wasiwasi, "Mmeona kilichomo?" Mimi nilikwisha kufungua mdomo. Karisa akanikanyaga mguu. "Mzee," akamwambia, "hapa tunasoma mapafu tu. Hayo mengine ni yako." Alipoondoka nikamuuliza Karisa kwa nini tusimwambie, maana analindwa na kizibo cha soda. Akasema, "Alikuja na maumivu mamoja. Ungemrudisha na mawili."

Nilidhani ni maskhara. Nilikuwa bado sijakutana na Jumwa.

Jumwa alitoka Jilore, mwanamke mrefu, mkulima wa mahindi na muhogo, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la tatu. Aliletwa na mgongo. Alikuwa ameinama kama anayetafuta sindano chini. Daktari wetu, kijana aitwaye Mwangala, alikuwa amempa vidonge vyeupe, vikashindwa. Akampa vyekundu, vikasaidia kidogo, maana watu wetu wana imani na chekundu. Akamchoma sindano, maana nyinyi mnajua, hospitali bila sindano ni kama harusi bila pilau. Mgongo ukatulia juma moja, ukarudi. Basi akamwandikia picha.

Mashine yetu wakati huo ilikuwa kongwe na asubuhi ilichukua muda kupata joto. Kwa hiyo nilimlaza Jumwa, nikaingiza mkono chini ya mgongo wake kutafuta mahali pa kulenga, nikibonyeza uti wake pingili kwa pingili. "Hapa? Au hapa?" Mashine ikawa bado haijawa tayari, nami sipendi kusimama kimya kama mlingoti, nikamuuliza maumivu yalianza lini.

"Mwaka jana, mwezi tuliomzika Sidi," akasema.

"Sidi ni nani, mama?"

"Binti yangu. Ameniachia watoto watatu. Wa mwisho alikuwa hajaota meno. Nambeba huku nalima."

Akaeleza. Alieleza akiwa amelala chali, akitazama dari, machozi yanaingia masikioni, naye hayafuti. Alieleza jinsi watu walivyokuja matangani wakala, wakaondoka, na yeye akaamka kesho yake kulima kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na mvua haimsubiri mfiwa. Nilisikiliza. Msinisifu. Nilisikiliza kwa kuwa mashine ilikuwa haijapata moto. Mkono wangu ulikuwa chini ya mgongo wake na sikuwa na pa kuupeleka.

Taa ya mashine ikawaka. Nikaenda nyuma ya ukuta wa risasi, ule wa kuzuia miale. "Mama, vuta pumzi. Ishike. Usipumue." Kitufe cha mashine ile kilikuwa na hatua mbili. Ukibonyeza nusu, mashine inavuma, vuuuu, inajikusanya. Ukimalizia, ndipo inapiga. Nikabonyeza nusu, ikavuma, na papo hapo stima ikakatika wilaya nzima. Ule mvumo ukashuka polepole, ukafa. Hakuna kilichopigwa. Hata ukucha wake haukupigwa.

Nikatoka kumwambia. Nikamkuta amekaa kitako.

"Ahsante, mwanangu. Imeingia."

"Imeingia nini, mama?"

"Dawa. Nimeisikia ikiingia, vuuu, kisha ikatoka na ule ugonjwa." Akashuka mezani. Akajinyoosha. Wallahi, yule mwanamke alinyooka hadi nikalazimika kuinua macho. Akainama, akaokota kapu lake, akasimama tena, akacheka kwa sauti yake ile ya shambani, watu wote kwenye foleni wakachungulia.

"Mama Jumwa, sikiliza. Haikupiga. Stima imekatika. Ngoja irudi tupige."

"Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Utajuaje? Mimi ndiye niliyekuwa chini yake."

Akaenda zake. Mwangala alipopata habari alicheka, kisha akakuna kichwa. Akanieleza kwamba vitabuni jambo hilo lina jina, plasebo, yaani dawa isiyo na dawa ndani. Mtu hupewa kitu kitupu, akatarajia kupona, na mwili nao, maumivu hasa, ukafuata matarajio. Alisisitiza kuwa mtu kama huyo hadanganyi wala hakuwa akijifanya mgonjwa. Maumivu yalikuwa ya kweli na nafuu ni ya kweli. "Basi kitabu kimesema vizuri," Karisa akajibu, "lakini kimechelewa. Bibi yangu aliyajua hayo kwa maji ya mtungi na maneno mawili."

Tukadhani yameisha. Hatukuijua sauti ya Jumwa inafika wapi.

Juma la pili wakaja wanawake kutoka Jilore, wengine hata kutoka Marafa, wamevaa leso zao nzuri kama waendao harusini. Wanataka picha. Si picha yoyote. "Tunataka ile ya Jumwa, ile isiyotoa karatasi." Mwangala akapandwa na hasira. Miale si juisi ya ukwaju mtu apewe kwa kuomba, na katika hilo alikuwa na haki. Karisa akapendekeza tuwalaze mashine ikiwa imezimwa, yeye avume kwa mdomo, waende zao. Alikuwa na haki ya kusutwa, na tulimsuta. Mimi nikachukua njia ya katikati, njia ya mtu anayetaka kula chakula chake cha mchana kwa amani. Wale ambao daktari amewaona na hawana haja ya picha, nikawaambia ukweli mtupu: "Mashine imezimwa. Haitawafanya lolote. Mkitaka kulala mnieleze kinachowauma, laleni."

Wakalala! Nikawabonyeza, nikawauliza, wakasimulia. Mmoja akatoka akisema kichwa kimepoa. Mwingine akasema mabega yameshuka. Wa tatu akasema meza ni ngumu, mimi nina mikono ya baridi, na bora angebaki nyumbani kupalilia. Huyo nilimpenda. Kwa hiyo msiende mkatangaza kuwa Bi Rehema alitibu Jilore nzima kwa kitanda. Wengine walipata nafuu, wengine hawakupata, na wote niliwaambia mashine imezimwa.

Kisha akaja Kahindi, mume wa Jumwa.

Alikuwa mwembamba, shingo imejaa mishipa, anakohoa huku amegeukia ukuta kwa adabu. Aliniambia amekuja kwa kuwa mkewe amemchosha. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua na hakupenda alichokisikia, akaandika picha, na hii haikuwa ya kulala na kusimulia. Stima ilikuwapo. Nikapiga kwelikweli. Nilipoitoa filamu na kuiweka kwenye taa, pafu la kulia juu kabisa lilikuwa na wingu jeupe, na katikati ya wingu tundu. Mimi si daktari, lakini mtu aliyepika wali miaka mingi anajua wali uliounguzwa.

"Mzee, ngoja hapa uonane na daktari sasa hivi. Kuna jambo."

"La nini tena?" Alikuwa anafunga vifungo vya shati, uso umechangamka. "Kifua kimefunguka. Nimeisikia. Sasa napumua hadi huku chini." Akavuta pumzi kunionyesha, akakohoa hadi akashika ukuta, akasema, "Hayo ni mabaki." Nilipokimbilia kwa Mwangala na kurudi naye, Kahindi hayupo.

Mwangala alimtuma mhudumu wa afya wa kijijini. Kahindi akamfukuza kwa maneno matamu: nimeshapigwa picha, mama, kapige wengine. Akatumwa tena, akafukuzwa bila maneno matamu. Hapo sikucheka tena. Nilikumbuka wale watoto watatu wa marehemu Sidi. Nyumba zetu za udongo madirisha yake ni madogo, na watoto hulala na babu yao. Na kisichonipa usingizi ni hiki: kama Kahindi asingesikia nafuu, angerudi. Ile nafuu ndiyo iliyomfungia mlango.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Jilore na filamu nimeifunga kwenye leso. Niliwakuta uani. Jumwa anatwanga, amenyooka kama mnazi. Kahindi amekaa kwenye kigoda, watoto wanacheza miguuni kwake. Tukaamkiana, nikapewa maji, nikaulizwa habari za mjini, zangu, za watoto wangu na za kila niliyezaliwa naye. Huko huwezi kuanza na pafu.

Hatimaye nikaifunua filamu, nikaiinua juani. "Mzee, hili ndilo pafu lako. Hili wingu ni ugonjwa. Daktari anadhani ni kifua kikuu, anataka kupima makohozi. Dawa ipo na ni bure. Ila picha haijakutibu. Picha haitibu mtu, picha huchongea tu."

Kahindi akacheka kwa adabu. "Huyu mke wangu alitibiwa na nini?"

"Yake haikupigwa."

"Vizuri. Yake haikupigwa, akapona. Yangu imepigwa. Sasa ipi yenye nguvu?"

Wanangu, nimebishana na madaktari, nimebishana na mafundi wa mashine kutoka Nairobi, sijawahi kufungwa bao la namna ile. Jumwa mwenyewe aliacha kutwanga, anatutazama kwa zamu.

Nilikuwa na uongo mtamu kwenye ncha ya ulimi. Nimwambie kuwa picha ni mbegu na vidonge ni mvua, asipomeza haitaota. Angemeza siku hiyo hiyo. Lakini kikohozi kikikoma baada ya wiki chache, angesema imeshaota, akaacha dawa katikati, na kifua kikuu ukikiachia katikati kinarudi na hasira. Nikaumeza uongo wangu.

"Mzee Kahindi," nikasema, "kilichomponya mkeo sikijui chote. Nadhani mgongo wake ulikuwa na maneno, na siku ile ulipata wa kuusikiliza. Mgongo una masikio. Unasikia msiba, unasikia pole, unasikia hofu. Lakini kilichomo ndani ya hili wingu ni mdudu. Mdudu hana masikio. Ukiifurahisha roho yako, yeye anakula. Ukisali, anakula. Ukisikia kifua kimefunguka, ni wewe uliyesikia. Yeye hana habari."

"Maneno ya hospitali," akasema Kahindi.

Ndipo Jumwa akaweka mchi chini. Hakunitazama mimi.

"Umepona?" akamuuliza mumewe.

"Nimepona."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Ule mtungi wa maji pale langoni, naomba niletee."

Mtungi wenyewe ulikuwa ule wa plastiki wa manjano ambao kila mtoto mkubwa wa huko hubeba. Kahindi akainuka kwa madaha, akanitazama kama kusema, mnashuhudia. Akaenda langoni. Akauinua. Alitembea vizuri hadi kwenye banda la mbuzi. Hapo akasimama, akajifanya anamtazama mbuzi. Akaendelea kidogo. Kikohozi kikamshika, akauweka mtungi chini, kikamshika zaidi, akakaa juu ya mtungi, mabega yanaruka. Kitu chekundu kikadondoka mchangani mbele ya viatu vyake. Akakifukia upesi kwa mguu, lakini sote tulikwisha kuona.

Yule mtoto mdogo, aliyebebwa mgongoni tangu hana meno, akaanza kumkimbilia. Jumwa akamdaka mkono.

"Usiende kwa babu," akasema. Sauti yake ile kubwa ilikuwa haipo. "Kaa hapa nami."

Kahindi alisikia. Mtu anaweza kubishana na hospitali, na mke, na hata na damu yake mwenyewe. Nilimwona akimtazama mjukuu aliyezuiwa asimfikie, na uso wake ukavunjika kama kigae. Kisha akasema, bado hajanitazama, "Bodaboda yako inabeba wawili?"

"Inabeba watatu polisi wakilala," nikamwambia. Akavaa shati.

Makohozi yakapimwa, mdudu akaonekana, vidonge vikaanza, miezi sita bila kuruka siku. Jumwa alimsimamia kila asubuhi kama askari jela, akimfungulisha mdomo kuona chini ya ulimi. Watoto nao wakapimwa, wakakutwa salama, na usiku ule nililala kama gunia. Mgongo wa Jumwa, mkiuliza, ulirudi msimu wa kupanda, si kwa ukali ule. Ukimrudia huja Malindi, hukaa nami jikoni, humtaja Sidi, hunywa chai, huenda zake amenyooka. Mashine simwonyeshi.

Nimesikia vijana wakisema mambo ya roho ni ya wajinga, kazi yao ni mfupa. Nimesikia pia wengine, wa mafuta na maombi, wakisema roho inatosha, vidonge ni vya wasioamini. Wote nimewapiga picha, na wote ndani wanafanana. Pasheni kisahani. Ulizeni ilianza lini. Msimwambie mtu kwamba goti lake limekwisha. Na mtu akiwaambia amepona, furahini naye, kisha mpimeni.

Matibabu yalipokwisha, Kahindi alirudi kwa picha ya kuhakikisha. Alikuwa amejaa mashavu, shati linambana. Niliziweka filamu mbili kwenye taa, ya kwanza na ya sasa. Lile wingu halikuwapo, pamebaki alama ndogo tu kama kovu la ndui. Akazitazama kwa muda, anatikisa kichwa kwa mshangao.

"Bi Rehema, mimi sikukwambia? Hii mashine yako ni kali. Ya kwanza ilianza kazi, hii ya pili imemaliza."

"Na vidonge je, mzee? Miezi sita?"

Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa, akashusha sauti.

"Vile nilivimeza ili Jumwa anyamaze."